Macho-Mbili ya Anaclet

Watu wengi hudhani wivu unakaa moyoni. Wivu wa Kasonde ulikaa kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Akiona kitu kizuri cha mtu mwingine, gumba linaanza kuwasha, na haliachi mpaka likiguse kile kitu, likipapase, na kukikuta na kasoro.

Kasonde alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la Mgiriki mmoja, mle mle Élisabethville, Lubumbashi ya leo, miaka ile baada ya vita kuu ya pili, wakati mkunjo wa suruali ulikuwa na heshima kuliko barua ya padri. Na mkunjo wa Kasonde ulikuwa mkali: nzi akitua juu yake vibaya, anaondoka na miguu pungufu. Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni kutunga uzi kwenye sindano. Kila asubuhi mke wake Albertine alimtungia sindano za siku nzima na kuzichomeka kwenye kola ya koti, na Kasonde alivuka mtaa wetu wa Kamalondo kifua mbele, nyuzi za kila rangi zikipepea shingoni, kama jemadari wa jeshi ambalo bado halijazaliwa.

Lilikuwapo na jambo la pili, ila hilo watu walilihesabu kuwa wema. Kasonde akikumiminia munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, mkupuo wa kwanza ulianguka chini, kando ya kikombe. Siku zote. Majirani wakasema: "Ba-Kasonde banaheshimia bankambo, hawasahau kubanyweshea." Katekista alikuja kumwonya aache mambo ya mizimu ya mababu. Kasonde akakubali kwa unyenyekevu, akachukua mtungi ammiminie katekista kikombe cha mapatano, akamlowesha kiatu.

Basi mtu huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza Kamalondo kumiliki macho-mbili. Mzungu mmoja wa mtaa wa Bel-Air aliyekuwa akifunga mizigo kurudi Ulaya alimpa, kama shukrani kwa suruali zilizomfanya aonekane mwembamba. Kilikuwa kitu cha mbao chenye kofia ya kuziba uso, ndani ya kofia vioo viwili, na mbele yake ubao mwembamba wenye kidaraja cha kusukuma huku na huko. Pale kwenye kidaraja unasimamisha kadi, na juu ya kadi kuna picha mbili za kitu kimoja, zinafanana kama mapacha wa siku moja. Unashika mpini, unatia uso, na wenye kuona walisema zile picha mbili zinakuwa moja, na ile moja inafunguka kama mlango: miti inasogea mbele, nyumba zinarudi nyuma, watu wanasimama wenyewe katikati, mpaka unaogopa kuwakanyaga.

Jumapili baada ya misa uwanja wa Kasonde ulijaa. Na kwa kuwa mtu mmoja tu aliweza kuangalia huku wengine wote wakiona kidevu chake, desturi ilizaliwa: anayeangalia lazima atangaze. Ukitia uso kimya, unanyang'anywa.

"Yee mama! Huyu ngombe ananitokea!"

"Sukuma kadi! Sukuma! Aah, njo hivyo, anasimama!"

Kasonde naye, zamu yake ikifika, alipiga kelele kupita wote, kwani mwenye uwanja hawezi kushindwa na wageni. "Jamani, mukono yangu iko mu Ulaya! Munishike miguu!" Lakini kusema kweli, ndani mle Kasonde aliona picha. Picha nzuri, haina ubaya, iliyolala bapa kama ile ya kalenda dukani kwa Mgiriki. Hakuona kitu kinachosimama. Wala hakushangaa. Alidhani zile kelele ni adabu tu, kama vile bi harusi akipika bukari, ugali wetu, yenye mabonge wote wanasema tamu. Akasema moyoni: watu wa Kamalondo wana malezi mazuri.

Kisha akaja Anaclet.

Anaclet alikuwa jirani, ukuta wao ukiwa ni ua wa miti ya minyaa. Mtu wa kaskazini ya Katanga, mtoto wa mjenzi wa reli, yeye mwenyewe mtu wa reli, mgane mwenye masharubu yaliyochongwa kwa rula. Alivua kofia mbele ya mwanamke yeyote, hata bibi anayeuza mkaa. Mkubwa wake wa kazi kule Makomeno, mtaa wa reli, alipohama, Anaclet alirudi nyumbani na macho-mbili yenye kofia ya alumini iliyochorwa maua, ukingoni imezungushiwa mahameli nyekundu, na mpini wake unakunjwa kama mguu wa kuku aliyelala. Kadi zake zilikuwa ndani ya sanduku lenye kifungo.

Jumapili iliyofuata uwanja wa Kasonde ulibaki na mbuzi wa jirani na katekista, ambaye alikaa mbali na mtungi.

Gumba liliwasha mpaka Kasonde akalitumbukiza kwenye maji baridi. Halikupoa. Ndipo akaanza kukusanya. Kila alipopata nafasi alipanda baiskeli yake, ambayo kule Lubumbashi tunaiita kinga, yenye kengele iliyosikika toka Kamalondo hadi Naviundu, mpaka samaki wa mtoni Naviundu walijua saa anayotoka kazini. Alizunguka nyumba za Wazungu wanaohama, akiuliza wapishi kama hakuna miwani ya picha iliyotupwa ghalani. Alijifunza kuzitambua kwa gumba, macho yamefumbwa. Hii ni ya mbao tupu, ya kale, kofia yake imekunjwa kwa mvuke. Hii ni sanduku la Wafaransa, haili kadi, inakula vipande vya kioo. Hii nyeusi ya plastiki yenye kisahani cha picha kinachozunguka imeletwa juzi, bado inanuka duka. Na hii si ya Ulaya hata kidogo, ameitengeneza Mwape seremala kwa mbao za sanduku la sabuni na vioo vya miwani ya marehemu, ukingoni kipande cha mahameli.

"Umejuaje?" Mwape aliuliza, kwa uchungu, kwani alikuwa ameipaka moshi iwe na uzee.

"Mahameli," alisema Kasonde. "Hii ni koti ya mulevi fulani. Mie njo niliishona."

Rafu ikajaa. Watu walikuja, wakaguswa na wingi, wakasifu, kisha wakarudi kwa Anaclet. Kasonde alivumilia. Alijiambia: wanafuata mahameli tu, na mahameli si kitu, ni vumbi lenye rangi.

Mpaka Jumapili ile.

Albertine alikuwa amepeleka mtungi wa munkoyo kwa Anaclet, kwani uwanja ukijaa wanywaji biashara haina mipaka. Wakampa kiti, wakampa zamu. Kasonde, nyuma ya minyaa, alijifanya anakata majani. Akaona mke wake anatia uso kwenye kofia ya alumini. Akangoja kelele. Kelele haikuja. Albertine alinyamaza kimya, na wala hakuna aliyemnyang'anya, maana mdomo wake, kile kipande cha uso kilichobaki nje, kilikuwa kinatabasamu. Si tabasamu la adabu. Kasonde alilijua la adabu, alilipata kila siku. Hili alikuwa amelisahau. Kisha, taratibu, Albertine akainua mkono, akanyoosha vidole viwili hewani, kama anataka kunyoosha kitu kilichopinda.

Hakuna aliyekuwa akiigiza. Kwa mara ya kwanza Kasonde alielewa kwamba mle ndani kuna kitu kweli. Watu wote wale hawakuwa na adabu. Walikuwa wanaona.

Wakati wa kula bukari na sombe, kisamvu chetu, alisubiri bukari ipoe.

"Uliona nini kwa Anaclet?"

"Bantu," alisema Albertine.

"Bantu gani?"

"Bantu ya Ulaya. Banasimama ku soko."

"Na mukono?"

"Mukono gani?"

"Mukono yako! Ulikuwa unagusa nani ku soko?"

Albertine akacheka, akasema, "Kula, Baba, sombe inapoa," na kile kicheko kilimla Kasonde kuliko yeye alivyoila sombe.

Kesho yake alivuka ua. Alimkuta Anaclet barazani anapangusa vioo kwa kitambaa laini, akivipulizia pumzi kama anaamsha mtoto.

"Karibu, jirani," alisema Anaclet. "Kaa. Unatembeza gumba yako leo?"

"Ba-Anaclet, hii macho-mbili unitolee."

"Eh! We uko na macho-mbili mingi kupita macho ya bantu ya avenue yote. Hii moja njo ya nini?"

"Nipe. Nitakushonea suti."

"Nina suti."

"Suti mbili."

"Mwili iko moja." Anaclet akapuliza kioo. "Kinga yako."

"Kinga yangu!"

"Na kengele yake. Kinga bila kengele ni mbuzi bila sauti."

Kasonde alirudi nyumbani. Akageuka, akaja tena. Akarudi tena. Watu wa mtaa wanasema siku ile alichimba njia kwenye minyaa ambayo ng'ombe wangeweza kupita wawili wawili. Mwishowe aliisukuma baiskeli mwenyewe, kwa miguu, akaiegemeza kwenye baraza la Anaclet, akachukua macho-mbili ya mahameli pamoja na sanduku lake la kadi. Nyuma yake kengele ililia. Anaclet alikuwa anaijaribu.

Kasonde alifunga mlango. Alitafuta ile kadi ya soko, akaisimamisha kwenye kidaraja, akatia uso. Soko lilikuwepo. Wanawake wenye vikapu, vitambaa kichwani, kanisa nyuma. Yote yamelala bapa kama chapati. Akasukuma kidaraja mbele, akakivuta nyuma, akapangusa vioo, akafungua dirisha, akalifunga. Kalenda ya Mgiriki ilikuwa na uhai zaidi.

Kasonde akakaa juu ya sanduku la kadi, akaelewa kila kitu, na alichokielewa ni hiki: Anaclet ameiuza nyumba akabaki na mwenye nyumba. Ameitoa ile roho inayosimamisha watu, ameificha, au mbaya zaidi, ameifunga kwa jina la Kasonde ili imfungukie kila mtu isipokuwa yeye.

Kikundi cha Jumapili kilikuwa na utaratibu wake kama vikundi vyote vya siku zile: rais, ambaye alikuwa Mwape seremala kwa kuwa ndiye mwenye benchi refu, na sheria kwamba mshitaki anatoa kinywaji. Kasonde alitoa mtungi. Alimmiminia rais, mkupuo wa kwanza ukaenda kwa bankambo kama kawaida, na kesi ikafunguliwa mbele ya uwanja wote.

"Président," alisema Kasonde, "huyu muntu ametoa roho ya macho-mbili. Nilimupa kinga iko muzima, na kengele. Ye amenipa maiti."

"Maiti!" Anaclet alivua kofia kwa mshangao. "Kintu ya Ulaya, mahameli yote!"

Mwape alinyoosha mkono, akapewa macho-mbili, akatia kadi ya soko. Alikaa humo kidogo. "Yee! Huyu mama wa mbele ataniangukia na kikapu yake. Kasonde, kintu iko muzuri vraiment. Iko na nguvu kupita yangu, na Mungu anisamehe."

"Njo hivyo!" Kasonde alipiga mapaja. "Kwa weye inafanya! Kwa bantu bote inafanya! Kwa mie inakataa! Amefunga jina yangu!"

"Nilifunga na kamba gani?" alisema Anaclet. "Jina yako haina hata mukia ya kushikia."

"Usicheke! Mie toka siku ya kwanza sijaona kintu moja inasimama!"

Mbuzi aliacha kutafuna, wasimuliaji wa baadaye wanasisitiza hilo.

"Siku ya kwanza ya nani?" Mwape aliuliza polepole. "Ya hii, ama ya ile yako ya mbao?"

Kasonde aliona shimo, lakini alikwisha kuingiza mguu. "Yote."

"Na ile makelele? Munishike miguu, mukono yangu iko mu Ulaya?"

"Nilizania," alisema Kasonde, "ni heshima."

Ah, watu walicheka. Mmoja alianguka kwenye minyaa, na hata hiyo ikaonekana sawa. Albertine peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe kama mtu anayekumbuka alipoweka ufunguo. Alikuwa anafikiria sindano. Alikuwa anafikiria vikombe. Akaja nyuma ya kiti cha Kasonde, akamziba jicho la kulia kwa kiganja.

"Baba, unaona nini?"

"Toa mukono kwanza."

"Ya kushoto iko wazi. Unaona nini?"

"Moshi," alisema. "Sawa ile ya cheminée ya kiwanda ya shaba, wakati upepo inakuja huku."

"Toka lini?"

"Nitajuaje? Sijafungaga hii ingine."

Kwa miaka yote, jicho lile la kushoto lilikuwa usoni pake, jeupe, zuri, likipepesa pamoja na mwenzake, na halikufanya kazi hata moja. Lilikula bukari bure, kama shemeji aliyekuja kusalimia akasahau njia ya kurudi. Na wenye kujua walikwisha kusema kwamba kitu kile, bila macho mawili, hakifunguki.

"Simameni!" Mwape alipaaza sauti. "Na munkoyo? Kumbe haikuwa ya bankambo! Ulikuwa unakosa tu kikombe!"

Hapo hata katekista aliinama akashika tumbo. Alikuwa amemwombea mtu huyu rozari nzima kwa dhambi ya kukosa shabaha.

Rais alitoa hukumu akifuta machozi. "Kintu iko muzima. Jicho njo haiko muzima. Kinga inabakia ya ba-Anaclet." Na Anaclet aliondoka nayo, taratibu, akizunguka uwanja kwanza, akimvulia kofia kila mama, kengele ikilia kwa kila mmoja.

Jua lilipoinama, Kasonde alikuwa bado ameketi nyuma ya nyumba na zile macho-mbili zake zote miguuni. Sasa aliwaonea wivu watu wote wa Kamalondo kwa mkupuo mmoja, hadi mbuzi. Alilionea wivu jicho lake mwenyewe la kulia, lililojua kazi yake na kuinyamazia. Albertine akaja akaketi karibu naye, upande wa kushoto, kisha akajirekebisha, akahamia wa kulia.

"Siku ile kwa Anaclet," alisema, "unataka kujua?"

Kasonde alimgeuzia sikio, kwa sababu alitaka mno.

"Ile soko. Bamama ya kikapu biko mbele. Nyuma yao, mbali, karibu na kanisa, kuko muntu moja anasimama yee peke yake. Kofia yake imelala upande, sawa yako siku za misa. Nilitaka kuinyoosha. Njo ile tu."

Kasonde akavuta pumzi. Kwa muda wa pumzi hiyo moja alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Élisabethville. Alinyoosha kofia yake. Kisha pumzi ikatoka, na gumba likaanza.

"Huyo muntu," alisema, "ni nani?"

"Eh! Muntu ya picha, Baba!"

"Ni murefu kunipita?"

"Kasonde!"

"Nauliza tu."

Kesho yake hakwenda kwa Mgiriki mapema. Alimtafuta yule mtu kwenye kadi mpaka akampata, mdogo kama mbegu ya mchicha, kofia upande, mikono mfukoni, amesimama kama mtu anayengoja mke wa mwenzake. Kasonde alikata kipande cha kitambaa cheusi, kile kizuri cha suti za mazishi, kidogo hivi kwamba alikibeba kwa ncha ya sindano. Akakoroga gundi ya unga. Fundi hapimi nguo mezani, huipima mwilini: akabandika, akatia kadi, akaangalia, akakisogeza kidogo, akaangalia tena. Mara ya mwisho alitia uso, na soko lilikuwa soko, kanisa kanisa, na pale karibu na kanisa hapakuwa na mtu, ila doa la usiku. Kadi nyingine zote alizirudisha sandukuni. Hii aliiacha juu, makusudi.

Jumapili watu walirudi kwenye uwanja wa Kasonde, wengine kwa macho-mbili, wengi kwa matumaini kwamba atamimina. Hakuacha mtu mwingine ashike mtungi. Zamu ya Albertine ilipofika, yeye mwenyewe alimkabidhi ile ya mahameli, kadi ya soko imo ndani tayari, akapiga magoti mbele yake, akautazama mdomo.

"Unaona nini, Mama?"

Lakini kadi ina picha mbili, na kitambaa kilikuwa kwenye moja tu, ile ya kulia, iliyo mbele ya jicho la Kasonde la kazi. Ile ya kushoto aliiacha kama alivyoikuta, kwa kuwa tangu azaliwe hakuna kilichowahi kumjia kutoka upande ule. Na Albertine alikuwa na macho mawili.

"Bantu tu, Baba," alisema. "Bantu ku soko."

Mdomo chini ya kofia ya alumini ukafumbwa. Kisha pembe zake zikapanda. Na mkono wa Albertine ukainuka hewani, taratibu, vidole viwili vimenyooka.

Gumba la Kasonde likaanza kuwasha.